Lenzi Moja na Mazishi ya Mama Yako

Lanet, Jumapili jioni

Wanjiru wangu,

Tulifundishwa shuleni kwamba barua huanza kwa kuulizana hali. Hali yako naijua. Umekonda wiki hizi mbili, hulali vizuri, na leo asubuhi umelifunga na kulifungua lile sanduku lako mara nne ukidhani sikuoni. Sasa umeenda Njoro kumuaga shangazi yako Wambui, na umesema utarudi kabla ya chakula. Nina kama saa tatu, na mimi ni mtu wa kuandika polepole, kwa hivyo sitazimaliza kwa salamu.

Sitakuandikia habari za sweta wala pasipoti, wala kukuonya kuhusu watu utakaokutana nao kwenye ndege. Shangazi yako anaifanya kazi hiyo sasa hivi na hatakuachilia mpaka aimalize. Ng'ombe wa Uholanzi umewasoma kwenye vitabu mpaka unawajua kuliko ninavyowajua majirani zangu, na baridi ikikuzidi utanunua koti kama watu wengine. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya siku ya mazishi ya mama yako. Kuna jambo la siku ile nililokwambia uongo, na kesho unaondoka kwa miaka mitatu ukiwa umeuamini. Tangu barua yako ya kazi ya huko Uholanzi ije nimejaribu kulisema kwa mdomo mara kadhaa, na kila mara nimeishia kukuuliza kama unataka chai.

Univumilie nikianzia mbali. Ni tabia yangu, na utaona kwamba nayo imo katika habari hii.

Unajua kwamba kwa miaka thelathini na mmoja nilikuwa mkaguzi wa ngano. Mkulima analeta magunia bohari, mimi nachoma gunia kwa bambo, kile chuma chenye ncha na tundu katikati, natoa kiganja kimoja cha nafaka, naitazama, natafuna punje mbili, nasema inafaa au haifai. Mkulima mwenyewe sikuhitaji kumtazama. Ilikuwa afadhali nisimtazame, maana ukishamwangalia mtu machoni utampitishia ngano yenye unyevu na wewe mwenyewe hutajua ni kwa nini. Nilijisifu sana kwa hilo. Mama yako alisema nilistaafu lakini bambo nikarudi nalo nyumbani, kwa sababu hata wali niliukagua kabla ya kuula.

Wewe ulikuwa chuoni wakati huo, kwa hivyo huenda hujui jinsi nilivyomsumbua. Mwezi wa kwanza wa kustaafu nilipanga upya kabati lake la vyombo. Mwezi wa pili nikaanza kumwelekeza jinsi ya kupiga deki. Mwezi wa tatu akaweka ndoo chini, akaniambia kwa upole kabisa nitafute kitu cha kutazama nje ya nyumba yake.

Ndipo nikaenda mjini, nikapanda ngazi hadi kwenye duka moja la kamera zilizotumika, na kijana wa pale akanitolea hii unayoijua. Nilimuuliza ni lenzi gani zingine zinazohitajika. Akacheka. "Mzee, hii moja itakutosha mpaka uzeeke. Inavuta toka hapa mpaka Menengai. Hizo zingine ni za watu wa harusi." Sikujua kama ananiuzia au ananishauri. Ikawa ni ushauri mzuri. Lenzi ile inaanza kwa kuchukua shamba zima, ua na mawingu ya juu yake. Ukiizungusha mpaka mwisho, unapata suke moja la ngano na mdudu aliyekaa juu yake, na wewe hujapiga hata hatua.

Nilifurahi, mwanangu. Nalisema wazi, maana nisiposema utadhani naandika barua hii kuilaani kamera. Sijawahi kufurahia kitu hivyo tangu nilipokuwa kijana. Nilikuwa naamka kabla ya jogoo wa jirani, naenda ukingoni mwa kreta ya Menengai kungoja ukungu utoke kwenye shimo. Msimu wa mavuno nilienda Njoro kupiga picha mashine za kuvunia zikitembea na wingu lao la vumbi, na kwa mara ya kwanza maishani niliitazama ngano bila kuipa alama. Huko ndiko nilikokutana na Kiprono, aliyekuwa mtu wa maabara kabla ya kustaafu, akiwa na lenzi tatu ndani ya begi zito kama la fundi wa mabomba. Siku moja kando ya ziwa Elmenteita alibadilisha lenzi upepo ukivuma, na vumbi la magadi likaingia ndani ya kamera. Picha zake za mwezi mzima zilikuwa na madoa, naye akashikilia kwamba ni ndege wa mbali. Nilimcheka sana. Mimi na lenzi yangu moja sikuwa na cha kufungua wala kubadilisha.

Lakini kila kitu kinachokurahisishia kazi kinakufundisha uvivu fulani, na wangu haukuchelewa. Nilizoea kutosogea.

Utakumbuka maji ya ziwa la hapa kwetu yalipopanda yakameza migunga yote ya kando, ikabaki imesimama majini imekufa, na wale ndege weusi, wanandi, wamekaa juu ya matawi yake. Nilienda huko kila wiki. Wakati mmoja upande wa pili wa maji nilimwona mzee amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, anatoka katika mahali palipokuwa boma lake. Nilimvuta kwa lenzi mpaka nikaona jasho kwenye paji la uso wake. Ni picha nzuri, iko pale sebuleni, na kila mgeni huiulizia. Kulikuwa na kijia cha kufika alipokuwa, dakika kumi hivi kwa miguu. Sikwenda. Sijui jina lake, wala sijui ule mlango aliupeleka wapi.

Mama yako hakupenda nilivyompiga picha. Nilikuwa nasimama mlangoni mwa jikoni, au huko mwisho wa shamba la sukuma wiki, halafu namvuta. Alikuwa akiinua kichwa ananikuta kule. "Mbona unanipiga kama nyati?" aliniuliza siku moja. "Kwani nitakupiga pembe?" Tulicheka wote wawili, na kesho yake nikasimama palepale.

Jumamosi moja alinifuata Menengai, akabeba chupa ya chai na mikate. Alipochoka kuningoja aliichukua kamera mikononi mwangu, akakataa nimwonyeshe chochote. Alianza kutembea kuja kwangu akiwa ameiweka jichoni, hakuzungusha kitu, akaja akaja mpaka ncha za viatu vyake zikagusa vyangu, ndipo akabonyeza. "Hapo sasa," akasema. "Hapo ndio mimi hukuona." Lenzi ile haishiki kitu kilicho karibu kiasi hicho, kwa hivyo ilitoka ukungu mtupu, rangi ya ngozi na kipande cha kola. Jioni nilipokuwa nazichagua picha za siku hiyo niliiona haifai, nikaifuta. Niliifuta kama nilivyokuwa nikirudisha gunia la ngano mbovu, bila kufikiria mara mbili. Ndiyo picha pekee aliyowahi kunipiga.

Alipougua ulirudi nyumbani ukaacha kazi yako ya kwanza, na mimi sikukushukuru. Nakushukuru sasa, na najua nimechelewa. Unakumbuka kwamba kila siku saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa nimeshatoka. Nilikwambia mwanga ni mzuri asubuhi. Ni kweli, mwanga ni mzuri asubuhi, muulize mtu yeyote mwenye kamera. Lakini asubuhi ndio wakati ulikuwa ukimgeuza na kumbadilishia mashuka, naye alikuwa akilia kwa maumivu, na sauti ile ilikuwa inafika mpaka getini. Niliogopa, Wanjiru. Mtu mzima mwenye mvi, nikawa namkimbia mke wangu kwenda kupiga flamingo. Nilikuwa nikirudi saa nne, yeye ameoga na ametulia, namwonyesha picha kwenye kile kioo kidogo cha nyuma, na yeye anasifu. Alisifu mpaka wiki ile ya mwisho, wakati hata macho yake yalikuwa hayaoni tena vizuri. Nilijua kwamba haoni, nikaendelea kumwonyesha.

Sasa habari yangu imefika Njoro, siku ya mazishi.

Kamati ya kanisa ilikuwa imemkodi mpiga picha, yule kijana mrefu mwenye kamera mbili. Kwa hivyo yangu haikuhitajika hata kidogo, na nataka ulikumbuke hilo. Shangazi yako aliniambia niiache ndani ya nyumba. Nilimjibu kwamba nataka kumbukumbu. Nikaivaa shingoni juu ya suti nyeusi, na watu wakaniachia wakidhani ni huzuni. Katika ibada nzima nilizunguka. Nilipiga maua, nilipiga mahema, nilipiga mikono ya akina mama wa kikundi chake ikishika vitabu vya nyimbo. Kila nilipotaka kulia nilizungusha lenzi nikatafuta kitu kingine cha kukiweka sawa. Na ilinisaidia kweli.

Halafu ukafika ule wakati wa picha kando ya jeneza. Unajua unavyokuwa. Wakaitwa wakwe, wakaitwa majirani, wakaitwa waliosoma naye, kila kundi likija likajipanga nyuma ya jeneza na ile picha yake yenye fremu, likipigwa na kuondoka. Mwisho yule mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha ibada akasema, "Sasa mzee wa boma na mtoto wake, wakuje hapa mbele." Mtoto mmoja tu tuliyejaliwa. Ulitoka chini ya hema peke yako. Ulienda ukasimama upande wa kichwani, kisha ukasogea kidogo kuacha nafasi yangu.

Nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji, nyuma ya viti vya mwisho, labda hatua arobaini kutoka ulipokuwa. Niliizungusha lenzi mpaka mwisho, na uso wako ukaja wote. Ulikuwa unanitafuta katika watu. Uliponiona ulinyoosha mkono wa kushoto, kiganja kimefunguka, kuelekea ile nafasi. Nikabonyeza. Yule mzee akaita tena, watu wakaanza kugeuka kunitazama, na mimi sikuishusha kamera. Mvua ilikuwa inatishia, kwa hivyo akaharakisha, yule kijana aliyekodiwa naye akapiga zake, na mambo yakaendelea. Mtu asiyetujua akiifungua albamu ile leo atadhani mama yako alikufa mjane.

Yaliyofuata unayajua upande wako, acha nikwambie wangu. Kiprono alipoiona ile picha alisema, "Hii ndio picha yako ya maana tangu uanze." Hakuwa ananidanganya. Mwanga ulikuwa wa mawingu, laini, na mkono wako ulikata picha katikati vizuri sana, na nyuma yako kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilijua hivyo nilipobonyeza. Mke wangu yuko ndani ya sanduku, mtoto wangu amenyoosha mkono, na mimi moyoni nikasema, nimeipata. Wanjiru, katika mambo yote ninayokuandikia leo, hilo ndilo linaloniaibisha zaidi. Sitakwambia sikulisema.

Sisi wastaafu wenye kamera tulipotundika picha zetu katika ule ukumbi mjini, niliipeleka. Sikukuuliza. Nilikata kipande cha karatasi nikaandika "Majonzi, Njoro" na jina langu chini, kana kwamba nimemkuta msichana nisiyemjua. Ulikuja siku ya pili na wenzako wawili wa kiwanda cha maziwa, mkiwa bado na zile buti nyeupe za kazi. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukumbi nikieleza watu habari za Menengai. Nilikuona ukipita picha moja moja, na nikajua umebakisha tatu, na mbili, na moja. Hukulia. Mmoja wa wenzako alikuuliza kitu, ukamjibu, nadhani ulimwambia ni wewe. Kisha ukasimama pale ukiitazama kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote aliyeitazama siku zile.

Tulipotoka nje, wenzako wakiwa wametangulia, uliniuliza bila hasira, "Baba, mbona hukukuja?"

Nikakujibu, "Sikukusikia, mama. Kwaya ilikuwa inaimba."

Nilikuita mama, jinsi ninavyokuita kwa kuwa umebeba jina la mama yangu. Nikalitumia hata hilo ili unionee huruma. Ulinitazama kidogo, ukasema sawa, tukaenda kununua mkate. Mwezi uliofuata shangazi yako alikuja hapa, mkawa jikoni mnaosha vyombo, akaanza kuniteta kwa sababu ya siku ile. Nilikuwa koridoni. Nilikusikia ukimwambia, "Wachana na yeye, shangazi. Baba hakusikia." Ulinitetea kwa uongo wangu mwenyewe. Nilirudi chumbani nikakaa kitandani, na tangu siku hiyo sijaweza kula vizuri mkiwa mezani wawili.

Nakwambia haya yote si ili uende Uholanzi ukiogopa kutazama vitu. Tazama sana. Nunua kamera ukitaka, na ukinunua chukua lenzi moja tu, kijana wa duka hakukosea. Kuna furaha ndani yake ambayo sitaikana hata leo, na jioni zikiwa ndefu huko utahitaji kitu chako mwenyewe. Lakini kuna siku mtu atakuwa anateseka karibu nawe, na utajikuta umepata kazi nzuri, ya haraka, ya heshima, inayokulazimu uwe mahali pengine. Kwako haitakuwa picha. Itakuwa ng'ombe anayezaa, au zamu, au mtihani. Itakuwa kazi ya kweli, na hakuna atakayekulaumu. Mimi hakuna aliyenilaumu ila shangazi yako, na yeye ukamnyamazisha.

Sasa nakwambia lile lenyewe. Kwaya haikuwa inaimba. Mzee wa kanisa alikuwa amewaomba wanyamaze ili watu wasikie wanapoitwa. Na hili limenikosesha usingizi zaidi ya yote, kwa sababu picha yenyewe inashuhudia. Nyuma yako, upande wa kulia, wanakwaya wamesimama wamefunga midomo, vitabu wamevishusha. Ulisimama mbele yake muda ule wote kabla ya kuniuliza. Sijui kama uliwaona. Mara nyingine nadhani hukuwaona, na mara nyingine nadhani uliwaona vizuri, ukanipa nafasi ya kusema kweli, na niliposhindwa ukaamua kunibebea.

Uliniita mara tatu. Ya kwanza ulisema "Baba" tu. Ya pili ulisema, "Baba, kuja usimame na mimi," na watu wa viti vya nyuma waligeuka, kwa hivyo kama wao walisikia, nami nilisikia. Ya tatu hukutoa sauti, ilikuwa midomo tu, lakini nilikuwa nimekuvuta karibu kiasi kwamba niliisoma. Ulisema tafadhali. Nilikusikia mara zote tatu. Sikuja kwa sababu nilijua nikifika pale nikasimama kando yako, mama yako atakuwa amekufa kweli, na nyuma ya kamera alikuwa bado hajafa. Hiyo ndiyo sababu niliyonayo. Haitoshi, na wewe ulilipia.

Nilikuwa nimepanga kuitia barua hii chini ya nguo zako ndani ya sanduku, uikute huko ukiwa umeshafika. Ningekuwa nimefanya tena lilelile. Kwa hivyo utakaporudi kutoka Njoro nitakupa mkononi, kabla ya chakula, na nitakuomba uisome hapa hapa sebuleni, mbele yangu. Sikuombi unisamehe leo. Ukitaka kunipigia kelele, piga. Ukitaka kunyamaza mpaka asubuhi, nyamaza.

Kama nimetimiza nilichosema, basi unaposoma mstari huu nimekaa kando yako kwenye kochi. Kama sipo, nimeshindwa tena, na kesho uende bila kunisubiri.

Baba